Nitasema Mwenyewe

Jumanne, 7 Juni 2016

Kahawa ya asubuhi imeandikwa Sam, kama kawaida. Siitwi Sam. Naitwa Gibson, lakini G hainitoki mbele ya mtu anayengoja na kalamu mkononi. S naweza kuitelezesha. Basi pale karibu na stesheni ya Toongabbie mimi ni Sam, miaka sasa.

Kazini salama. Mashine za mvuke, makasi, visu vya wapasuaji, trei juu ya trei. Nasafisha vifaa huku chini hospitalini na hakuna anayehitaji kuzungumza. Ndiyo maana niliichagua kazi hii wakati Wakenya wenzangu wanaenda wodini.

Jioni Wakesho alikuja kula. Binti yetu wa pekee. Ametangaza kwamba jamaa za Espoir watakuja kujitambulisha Jumamosi ya mwisho wa Julai. Espoir ni mchumba wake, Mkongo, familia yake inaishi Minto, hapa hapa Sydney. Kijana mtulivu. Nampenda.

Mke wangu Mghoi alimpigia simu kaka yake Mwadime papo hapo. Chai haijamiminwa, mambo yameshaamuliwa: Mwadime ndiye atakayeongea kwa niaba ya nyumba yetu. Kila harusi ya Wakenya upande huu wa Sydney, kipaza sauti kiko mkononi mwa Mwadime.

Nilikuwa nimekaa pale pale mezani. Hakuna aliyenigeukia.

Alhamisi, 9 Juni

Mwadime alipita jioni. Nimewasikia jikoni. Alisema, "Shemeji atakaa tu katikati, avae suti, apigwe picha. Wasije wakadhani tuna mgonjwa."

Mghoi hakumkatalia. Alicheka kile kicheko chake cha kupitisha mambo.

Mgonjwa.

Nina miaka hamsini na miwili. Nimewazika wazazi wangu kule Taita, nimelea mtoto, nimevuka bahari na familia yangu. Sijawahi kulala kitandani kwa sababu ya kigugumizi.

Niandike hili vizuri. Sina huzuni. Nina hasira. Na hapa kwenye karatasi sikwami.

Jumamosi, 11 Juni

Nimekwenda Bankstown. Kuna kliniki ya usemi juu ya duka la vitambaa. Nimekwenda kwa miguu yangu kwa sababu kupiga simu haiwezekani. Nikishikwa, mtu wa upande wa pili hudhani laini imekatika, anakata.

Dada wa mapokezi alinimalizia jina langu. Alikosea. Nikaitwa Gilbert kwa muda.

Nafasi ipo Jumatano. Mghoi sijamwambia. Nimemwambia nilikwenda kununua viatu, na ni kweli nimenunua viatu.

Jumatano, 15 Juni

Mtaalamu anaitwa Linh. Msichana mdogo kuliko Wakesho, wazazi wake walitoka Vietnam. Nilitarajia mazoezi ya ulimi. Mambo ya kokoto mdomoni. Aliniomba nilale sakafuni.

Nikalala. Suti nzima. Nilijiona mjinga.

Aliniambia, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba nikitaka kusema navuta pumzi halafu naifungia. Akaonyesha koo lake. "Halafu unalisukuma neno wakati hewa umeifungia mwenyewe. Unapigana na nani?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeifungia.

Akaniuliza, "Miguu yako iko wapi?" Nikainua kichwa niiangalie. Akasema, "Bila kuangalia."

Sikujua. Kweli kabisa sikujua. Nilijua tu kwamba iko mwisho wa suruali.

Zoezi la nyumbani: kulala chali, mkono juu ya tumbo, kupumua, bila kusema neno. Nimesafiri kwa treni mbili kwenda kufundishwa kitu ambacho mtoto mchanga anakijua.

Jumatano, 22 Juni

Nimelala sakafuni sebuleni kila siku baada ya kazi. Mghoi amenipita na nguo za kufua. "Baba Wakesho, nikuitie ambulensi?" Nikamwambia mgongo unauma. Uongo mdogo.

Tumbo langu ni gumu kama ngoma iliyotoka kuota moto. Mkono hauinuki. Pumzi yote inaishia juu, kifuani, kama mtu anayechungulia maji baridi na kukataa kuingia.

Leo limelegea kidogo. Dakika chache tu. Na likiwa limelegea nikamwona mwalimu wangu wa darasa la tatu.

Alikuwa akinisimamisha mbele nisome kwa sauti, na hakuna kukaa mpaka nimalize. Darasa zima linacheka, naye anawaacha. Nilijifunza kukaza tumbo ili nisilie mbele yao. Ilisaidia. Sikulia hata mara moja.

Lile tumbo sikuwahi kulilegeza tena. Nimetembea nalo hivyo mpaka Australia.

Yule mwalimu alishakufa. Sijali. Leo nimemchukia kwa mwili mzima, na mwili mzima nimeusikia. Visigino vilikuwa vinachoma.

Jumapili, 26 Juni

Kanisani. Baada ya mahubiri Mwadime alimnong'oneza mchungaji, na mchungaji akatangaza kwamba yupo ndugu mmoja ambaye ulimi wake umefungwa, aje mbele aombewe kabla ya siku kubwa ya binti yake.

Wote walinigeukia. Mghoi alinisukuma kwa kiwiko.

Zamani ningekwenda. Nimeshakwenda mara nyingi, mikono ya watu imejaa juu ya kichwa changu, nimerudi kukaa nikiwa vilevile na aibu juu yake.

Leo nilikaa. Nilisikia benchi chini ya mapaja yangu, mbao ngumu, baridi. Nilisikia viatu vipya vikinibana. Tumbo likaanza kukaza, nikaliona linakaza, nikalilegeza. Kisha nikasema.

"Mchungaji, s-s-siumwi."

Mchungaji ni mtu mwema, alitabasamu, akaendelea na matangazo. Mghoi hakunisemesha njia nzima. Mimi nilikuwa natazama nje ya gari na kupumua. Nilijisikia mrefu.

Jumatano, 29 Juni

Nilimsimulia Linh ya kanisani. Alifurahi. Basi nikaona huu ndio wakati wa kuuliza. Nilimuuliza kama nikipumua hivi kila siku, tarehe thelathini Julai nitasema bila kukwama.

Akasema, "Hapana. Siwezi kukuahidi hilo."

Akasema kupumua si dawa ya kigugumizi. Huenda kukwama kukapungua, huenda kusipungue. Akasema yeye ananifundisha kuacha kujiumiza ninapokwama.

Nilisimama nikavaa koti. Aliniuliza kama tutaonana wiki ijayo. Sikujibu. Safari hii sikushikwa. Sikutaka tu.

Nimemkasirikia kila mtu. Na yeye zaidi, kwa sababu hakudanganya.

Jumanne, 5 Julai

Sijalala sakafuni tangu Jumatano. Kesho siendi Bankstown.

Tukio dogo kazini. Msimamizi mpya alikuja kuuliza trei ya vifaa vya upasuaji wa mifupa iko wapi. Neno lilikuwa "kabati". K ikanishika. Nikajikuta najitazama kutoka ndani: mabega yamepanda mpaka masikioni, taya limebana, vidole vya miguu vimejikunja ndani ya kiatu. Kwa ajili ya kabati.

Nikayashusha mabega. Nikaiacha hewa itoke. Nikakwama tena palepale, K, K, K, lakini bila vile vita. Halafu neno likaja, baya, limevunjika vipandevipande. Msimamizi akasema asante akaenda kabatini.

Nilisimama pale na glavu zangu. Nimekwama na sikuumia. Sijui kama kuna mtu ambaye hana kigugumizi anaweza kuelewa nimeandika nini hapo.

Jumatano, 6 Julai

Nimekwenda Bankstown. Linh hakutaja juma lililopita. Nililala sakafuni mwenyewe kabla hajaniambia. Bila suti.

Jumatano, 13 Julai

Leo nimegombana na mke wangu. Ni vita nilivyovitaka.

Tulikuwa tunazungumzia chakula cha wageni. Nilitaka kusema kuku. Akasema "kuku" kabla sijafika. Nilitaka kusema tukodi viti. Akasema "viti, eeh, nimeshaagiza."

Nikamwambia, "Usinimalizie."

Hakuelewa. Nikarudia. Ilichukua muda kuitoa yote: asinimalizie maneno, nyumbani, dukani, kwa daktari, popote. Hata nikichukua mpaka kesho.

Alikaa chini. "Nimekusemea miaka yote hii kwa upendo, Baba Wakesho. Kwa upendo."

"N-najua. Acha."

Kisha akasema jingine, na hili namshukuru kwa kulisema. Alisema wakati nakwama watu hawanitazami mimi, wanamtazama yeye. Wanamwonea huruma. Hiyo huruma inamchoma. Ndiyo maana anakimbilia mwisho wa sentensi.

Kumbe na yeye alikuwa anabana pumzi. Sikujua.

Sijarudi nyuma lakini. Nikamwambia tarehe thelathini nitaongea mimi. Akaenda kulala bila kula.

Jumapili, 17 Julai

Mwadime alikuja baada ya kanisa. Mghoi alikuwa amemwambia.

"Shemeji, hii si mchezo. Wale watu wanakuja na wazee wao. Watatucheka."

Nikamwambia wacheke.

"Na Wakesho je? Umemfikiria yeye?"

Hapo alinigusa pabaya. Wakesho alikuwepo. Kiswahili anakielewa chote, kujibu ni kwa Kiingereza tu, kama watoto wote waliokulia hapa. Alisema silazimiki kufanya hivi kwa ajili yake.

Nikamwambia si kwa ajili yake.

Sauti yangu ilikuwa kali. Wakesho alinitazama kama anayeniona mara ya kwanza. Mwadime alichukua funguo za gari. Alisema atakuja na hotuba yake mfukoni hata hivyo, ya dharura. Aje nayo.

Alhamisi, 21 Julai

Kuna jambo sijaliandika popote.

Wakesho ni jina la mama yangu. Nilitaka mwenyewe mtoto aitwe hivyo, Mghoi akakubali. Na sijawahi kumwita binti yangu hilo jina. W hainitoki. Namwita "Mama". Watu huona ni mapenzi, jinsi baba zetu wanavyofanya. Ni mapenzi, ndiyo. Lakini ni woga pia.

Mke wangu huniita Baba Wakesho siku nzima. Kila mtu anaweza kulitamka isipokuwa mimi.

Wageni wataniuliza jina la binti. Ndiyo desturi. Watu huuliza hata wanapolijua.

Nimelala sakafuni leo nikalisema. Chali, mkono tumboni, hewa ikitoka. W, W, W. Midomo inajikunja mbele kama ya mtu anayepuliza chai na kubaki hapo. Nililisema mara nyingi. Mara nyingine lilitoka, mara nyingine halikutoka. Tumbo lilibaki laini mara zote mbili.

Mghoi alisimama mlangoni. Sijui alikuwepo tangu lini. Alikwenda akaleta mto akaniwekea chini ya kichwa.

Ijumaa, 29 Julai

Kesho. Mghoi amepika tangu asubuhi, nyumba yote ni pilau. Nimepanga viti. Nimepiga suti pasi.

Naogopa. Hofu inakaa chini ya mbavu, upande wa kushoto. Zamani ningesema tu "naogopa" nisijue iko wapi. Sasa naijua hadi inapokaa. Hilo halijaipunguza.

Sitampa Mwadime nafasi. Hata nikitoka jasho mbele yao wote.

Jumamosi, 30 Julai

Wamekuja wamevaa kitenge cha aina moja, wanawake kwa wanaume. Waliimba kuanzia getini. Majirani walitoka kuangalia.

Msemaji wao ni baba mdogo wa Espoir, Papa Bahati, mzee mpole mwenye mabega mapana. Anafanya kazi kwenye ghala huko Minto. Kiswahili chao cha Kivu kinakwenda upande mwingine, lakini tunaelewana. Tulikula kwanza. Kisha akasimama.

"Baba, mama, tunashukuru. Tulikuya kuomba mutoto mwanamuke ku hii nyumba. Tunaomba baba mwenyewe atuambie jina yake, na kama anakubali."

Mwadime alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kiti, karatasi mkononi. Nilisimama kabla yake.

Niliwakaribisha. Hiyo ilitoka na vikwazo viwili vitatu, nikavipita. Vijana wawili wao walitazamana. Niliwaona. Nikaendelea.

Kisha jina.

W ikafunga. Ilifunga kuliko ilivyowahi kufunga sakafuni. Midomo mbele, hakuna sauti. Nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia mtu akikohoa. Mabega yakaanza safari yao ya kupanda. Jasho.

Mwadime akainuka nusu. "Anaitwa Wa—"

"Mwadime. Kaa."

Ni Mghoi. Hakupaza sauti. Mwadime alikaa.

Papa Bahati akasema, taratibu, "Muache aseme. Yeye njo baba ya mutoto. Shiye hatuna mbio."

Sikulisukuma. Hilo ndilo ninalotaka kukumbuka. Nilizitafuta nyayo zangu na zilikuwepo, juu ya zulia letu. Nilishusha mabega mbele ya watu wote, bila kuficha. Nikaiacha hewa yote itoke, nikabaki bila kitu, nikangoja tumbo lijijaze lenyewe. Ilichukua muda mrefu. Nilimtazama binti yangu muda wote. Naye hakutazama chini.

"W-W-Wa... Wake-Wakesho."

Lilitoka limechanika. Ni lake lakini.

Ningeweza kukaa hapo. Wote walitaka nikae, naamini, walikuwa wamechoka kwa niaba yangu. Sikukaa. Nilikuwa na mengine. Nilisema alizaliwa asubuhi na mapema, na jina ni la mama yangu aliyekuwa na neno kwa kila mtu. Nilisema nakubali. Nilisema Espoir nampenda kwa sababu anasikiliza. Na nikasema wakishamchukua binti yangu, asiwepo mtu nyumbani kwao wa kummalizia maneno yake. Kila sentensi ilikuwa na mawe. Nilipita juu ya yote.

Papa Bahati alinyanyuka akanishika mkono kwa mikono miwili. "Tumesikia, papa. Yote."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwadime alikunja karatasi yake.

Baadaye Wakesho alinifuata nyuma ya nyumba nilikokwenda kupoa. Alisema kwa Kiingereza, "Baba, sijawahi kukusikia ukiniita kwa jina langu."

Nilimweleza kwa nini. Nilimweleza yote, pamoja na woga. Alikuwa analia. Mimi pia. Tumbo lilikuwa linaruka juu na chini, nikaliacha.

Jumapili, 31 Julai

Nimechoka kama aliyebeba magunia. Mbavu zinauma.

Mwadime alipiga simu. Alisema niliongea sana, chai ilipoa kabisa. Nikamwambia wageni h-hawakulalamika. Akacheka kidogo. Hakuomba msamaha, nami sikumdai.

Mghoi ananingoja sasa ninapoongea. Anajizuia. Anauma mdomo wa chini, namwona. Leo asubuhi alishindwa, akasema "chumvi" kabla yangu. Tukatazamana. Nilikuwa nataka sukari.

Jumamosi, 13 Agosti

Baridi, lakini jua lipo. Tumekwenda Bankstown na Mghoi kutafuta vitambaa vya harusi. Dukani walikuwa wengi, nikatoka nikakaa kwenye benchi pale uwanjani nimngoje. Wazee wa Kivietnam walikuwa wanacheza bao lao. Nilipumua. Sikuwa nafanya zoezi. Nilikuwa nimekaa tu, na pumzi inakuja na kwenda, na jua liko juu ya magoti.

Kijana mmoja mwenye mkoba alisimama akaniuliza njia ya stesheni. Naijua vizuri. Nikafungua mdomo, K ikanishika. Alingoja kidogo. Akatazama simu yake. Akasema haina shida, akaondoka haraka, na akashika njia ya upande usio sahihi.

Sikumlaumu. Alikuwa na haraka zake.

Sentensi ilikuwa bado mdomoni. Nikaiacha hewa itoke, nikaimalizia, kwa sauti ya kawaida, pale pale kwenye benchi.

"K-kata kushoto, halafu nyoosha moja kwa moja."